Kutoka Juu ya Mawe: Pikapu Kuukuu na Historia ya Nyanda za Buha

Mwaka jana, wakati wa likizo ya chuo, nilishinda siku tatu katika gereji moja mjini Kasulu nikimtazama kijana akiupiga msasa mlango wa pikapu yangu. Nilichotaka ni rangi mpya tu. Kahawia aliyoipaka mfanyabiashara wa maharage aliyeniuzia gari ilitoka kwanza. Chini yake ikajitokeza kijani. Na chini ya kijani, nyeupe. Juu ya ile nyeupe herufi zilikwisha kubanduliwa zamani, lakini jua lilikuwa limeziandika upya kwa namna yake. Pale zilipokuwa zimebandikwa rangi haikupauka, na hivyo niliweza kusoma nusu ya jina la shirika la misaada na kuona duara la nembo yake. Kijana aliniuliza kama aendelee. Nikamwambia asubiri kidogo, nikatoa simu nikapiga picha.

Kazi yangu ni kusoma majalada. Wanafunzi wangu huwapeleka Nyaraka za Taifa nikawafundisha kuangalia nani aliandika, nani aliandikiwa, na nani alipitisha kalamu pembezoni mwa ukurasa. Sikuwahi kufikiri kwamba mlango wa gari unaweza kusomwa hivyo hivyo. Rangi tatu, wamiliki watatu, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kulihitaji gari hili katika nyanda za juu zilizo kati ya Kasulu na Kibondo. Makala haya yametokana na mlango ule.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, pikapu ya milango miwili. Toyota walianza kuunda mfululizo huo mwaka 1984, na mwaka 1990 wakaupatia injini ya dizeli iitwayo 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta, na pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa gia. Ukiwa na spana, tochi na mtu anayejua, inatengenezeka popote. Nililinunua kwa sababu zisizo na fahari yoyote. Kwetu ni Buha, wazazi wamezeeka, shamba liko mbali na barabara kuu, na msimu wa mvua, ambao huku huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, gari dogo la mjini halifiki. Kwa hiyo sizungumzi kama mtafiti aliyekuja na daftari. Nazungumza kama mtu anayedaiwa na fundi.

Tuanze mbali kidogo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini nyanda zilizo juu ya ziwa zilibaki nchi ya miguu kwa muda mrefu baada ya hapo. Utawala wa Waingereza uliitazama Buha kwa macho mawili: kama nchi ya mbung'o na malale, na kama ghala la nguvukazi. Kuanzia mwaka 1933, kwa hoja ya kupambana na malale, watu waliondolewa katika maskani yao yaliyotawanyika wakakusanywa katika makazi ya pamoja. Na kwa hoja ya uchumi, vijana wakaandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wale waliokuja kuitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na kazi iliyokuwa ya mawakala wa hapa na pale ikapata mpangilio wa kitaasisi. Babu yangu mzaa mama alipanda lori kabla hajapanda baiskeli. Lori lilimpeleka kwenye reli, na reli ikampeleka Tanga. Alikuwa akisema kwamba mlio wa lori la kuandikisha ulijulikana kutoka vilima viwili, na kwamba akina mama walipousikia waliwatuma wavulana wao kuchota maji.

Nalisisitiza hilo kwa sababu ndilo msingi wa hoja yangu. Gari lilifika Buha likiwa chombo cha kuwahamisha watu, aghalabu kwa uamuzi wa mtu mwingine. Limekuja hivyo zaidi ya mara moja, kwa majina tofauti na kwa nia tofauti. Kila mara, operesheni ilipokwisha, gari lilibaki nyuma likiwa bovu, na wenyeji wakalifufua wakalipa kazi nyingine. Historia ya uchumi wa Kasulu na Kibondo iko, kwa sehemu kubwa, katika ufufuaji huo, nao haumo katika takwimu yoyote ninayoifahamu.

Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgao, na aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana bodi yake ikaundwa kwa bati la aluminiamu lililofungwa kwa ribiti na skrubu juu ya chesisi ya chuma. Uamuzi huo wa dhiki, uliofanywa Solihull, ulikuja kuwa na maana kubwa kwetu. Bati la aluminiamu haliliwi na kutu kama la chuma, na paneli iliyobonyea hufunguliwa, ikagongwa chini ya mwembe, ikarudishwa mahali pake. Chesisi ndiyo huoza, na chesisi huchomelewa.

Mikono ya kuyafanya hayo ilikwisha kuanza kupatikana. Vita Kuu ya Pili iliwafundisha Waafrika wengi wa jeshi la King's African Rifles na vikosi vya uchukuzi kuendesha na kutengeneza malori. Kisha ukaja Mpango wa Karanga wa mwaka 1947 hadi 1951, uliosifika kwa kushindwa. Mojawapo ya maeneo yake matatu ilikuwa Urambo, kwenye reli hiyo hiyo iendayo Kigoma. Karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa, lakini matrekta yaliyoharibika kila siku yalihitaji watu wa kuyatengeneza, na watu hao walirudi makwao na ujuzi. Katika vitabu mpango huu ni hadithi ya fedha zilizopotea. Ukiutazama kutoka gerejini unaonekana kama chuo cha ufundi ambacho hakuna aliyekusudia kukijenga.

Baada ya Uhuru, Land Rover ikawa sura ya Serikali yenyewe. Mkuu wa Wilaya alikuwa nayo, bwana shamba alikuwa nayo kama bahati ilimwangukia, mganga mkuu alikuwa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Kigoma, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri. Familia zikapakiwa pamoja na vyungu, kuku na milango ya nyumba zao, zikashushwa mahali palipopimwa. Sitaki kuingia hapa katika ule mjadala wetu wa kila mwaka kuhusu vijiji vya ujamaa. Shule niliyosoma ilijengwa katika kijiji cha namna hiyo, na sitajifanya sikufaidika. Nataka tu msomaji aone kwamba watu waliokwisha kukusanywa kwa hoja ya malale, watoto wao walikusanywa tena kwa hoja ya maendeleo, na mara hii gari lilikuwapo.

Fundi wangu, ambaye ameniomba nisimtaje jina, aliingia kazini wakati huo. Mwaka 1975 alikuwa kijana wa kushika spana katika karakana ya wilaya, kazi yake ikiwa kuosha vyuma kwa dizeli na kujua, kabla hajaambiwa, ni spana ya namba ngapi itakayoitwa. Leo ana miaka karibu 70. Nilipomwomba anieleze alijifunzia wapi, hakuzungumzia karakana hata kidogo. Alizungumzia njaa ya spea.

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua magari ya mashirika na ya watu binafsi kwenda mstari wa mbele, na mengi hayakurudi katika hali ya kufaa. Fedha za kigeni zikakauka. Uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, na kupata gari au spea kulihitaji kibali, subira na mtu wa kumjua. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia mchana ili kuokoa mafuta. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekuwa na beringi mbili za akiba chini ya kitanda alikuwa na sababu ya kutolala.

Kasulu ilikuwa mwisho wa foleni hiyo ndefu iliyoanzia bandarini. Kilichofika Tabora kilikuwa kimepungua, na kilichofika Kigoma kilikuwa makombo. Hapo ndipo ufundi ulipozaliwa upya. Gasketi zilikatwa kutoka maboksi magumu yaliyolowekwa katika oili. Bushi za springi zilichongwa kutoka matairi mabovu, na fundi anaapa kwamba bushi ya tairi la lori ilidumu kuliko ya kiwandani. Rejeta iliyotoboka ililehemiwa mpaka ikawa na risasi nyingi kuliko shaba. Betri zilipokufa hapakuwa na tatizo, kwa kuwa Land Rover za enzi hizo ziliweza kuwashwa kwa hendeli ya mkono, ila tu hendeli ilijua kuvunja kiganja cha mtu asiye mwangalifu. Pistoni zilizokwisha hazikutupwa. Ziliyeyushwa zikawa sufuria, na ninaamini nimekula ugali uliopikwa ndani ya injini ya Serikali. Majani ya springi yaliyovunjika yalikwenda kwa wahunzi, yakarudi kama mapanga. Na kwa kuwa mpaka wa Burundi uko karibu pale Manyovu, kilichokosekana nchini kilivuka usiku, wakati mwingine ndani ya tenga la ndizi.

Hakunificha yasiyopendeza. Kuna waliotia maji ya sabuni kwenye mfumo wa breki mafuta yake yalipokosekana, na kuna waliokufa kwa sababu hiyo kwenye miteremko. Anapolitaja jambo hilo huwa anaacha kutabasamu.

Kilichonivutia zaidi ni hesabu waliyoifanya ndani ya yadi. Wilaya ilipokuwa na magari matatu mabovu na hakuna spea, moja lilichaguliwa lifunguliwe ili mengine mawili yatembee. Gari lililochaguliwa lilipandishwa juu ya mawe. Msemo huo tunautumia leo kwa kila kitu, hata kwa mtu aliyefilisika, lakini asili yake ni picha hiyo halisi: gari limenyang'anywa magurudumu, limekalia mawe manne, nyasi zinapanda mpaka dirishani. Mkaguzi aliona uzembe. Fundi alisema, "Mwalimu, lile lilikuwa ghala letu." Niliandika maneno hayo kwenye daftari, kisha nikajiuliza ni mara ngapi mimi mwenyewe nimepita nyuma ya ofisi ya umma, nikayaona mabodi yaliyooza, na kuandika makala ya kulalamika.

Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anaonyesha kwamba gereji za Tanzania zilikuwa mahali pa kuunda teknolojia na wala si mahali pa kuitumia tu. Nakubaliana naye, na ningeongeza kwamba Serikali yenyewe haikuwahi kuliona hilo. Ilitafuta teknolojia ya magari Kibaha, kwenye kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania na kwenye mradi wa Nyumbu uliokuwa chini ya jeshi. Ninaiheshimu juhudi hiyo. Nchi changa iliyotaka kujitengenezea lori lake haistahili kuchekwa. Lakini wakati wahandisi wa Kibaha wakichora lori la Kitanzania, mtu mmoja Kasulu alikuwa tayari analitengeneza gari upya kila baada ya miezi mitatu, kwa mshahara wa kibarua, na hakuna aliyemwuliza alifanyaje.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa walizipata wapi, na pikapu za Kijapani zikaanza kuonekana. Huku kwetu, hata hivyo, mabadiliko makubwa yaliletwa na misiba ya jirani.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao wakiingia Tanzania kupitia Kibondo, Kasulu na Ngara. Aprili 1994, kwa muda wa takribani siku moja, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Mwishoni mwa 1996 vita vya Zaire viliwaleta Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa karibu na Makere, wilayani Kasulu. Mtabila, Nduta, Mkugwa, Kanembwa: majina ya mapori na vijito yakawa majina yanayosomwa Geneva.

Ndipo zikaja nyeupe. Land Cruiser zenye antena ndefu mbele na mkonga pembeni, namba za DFP na za mashirika ya kimataifa, madereva wenye redio. Kwa mara nyingine tena magari yalifika Buha kwa ajili ya watu wanaohamishwa. Safari hii waliohamishwa walikuwa wageni, na nia ilikuwa kuwaokoa. Mji wa Kibondo, ambao ulikuwa na magari ya kuhesabika kwa vidole, ulijikuta na foleni kwenye kituo cha mafuta. Vijana waliajiriwa udereva na umakenika. Wakongo walioingia Nyarugusu walikuwa na mafundi wao, waliozoea barabara mbaya kuliko zetu, na ingawa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwafunga ndani ya kambi isipokuwa kwa kibali, ujuzi wao haukuomba kibali. Fundi wangu anasema kuunganisha pampu ya dizeli ya 1HZ bila vipimo vya kiwanda alifundishwa na mtu aliyekuja kutoka Uvira.

Ilikuwa pia miaka ya hofu. Mabasi kati ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi yalisindikizwa na polisi wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Hapo ndipo neno "difenda" lilipokolea katika Kiswahili chetu. Land Rover waliipa gari lao jina la Defender mwaka 1990, polisi wakalitumia, na leo polisi wanapanda Land Cruiser lakini gari bado ni difenda. Mara ya kwanza nilipoingia kijijini na pikapu yangu jioni, vijana waliokuwa wakicheza kamari chini ya mwembe walitawanyika. Sikujua nicheke au nihuzunike. Historia yote niliyoisimulia hapo juu ilikuwa ndani ya miguu yao.

Kambi hufungwa. Mtabila ilifungwa mwaka 2012; Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza; Mtendeli, iliyo wilayani Kakonko, ikafungwa 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Kila operesheni inapopungua, magari hukabidhiwa taasisi za hapa nchini au kuuzwa. Mlango wangu unalisimulia hilo bila maneno. Nyeupe ni miaka ya kambi. Kijani ni ya taasisi iliyolirithi gari, likafanya kazi mpaka injini ikafa, kisha likakaa juu ya mawe miaka minne nyuma ya ofisi likisubiri kibali cha kulifuta kwenye daftari la mali. Watumishi wa umma mnaonisoma mnaufahamu mlolongo huo kuliko mimi: tathmini, kamati, barua, barua ya kukumbushia barua. Kila mwezi wa kusubiri ulichukua kitu: taa, kisha betri, kisha stata. Gari lililostahili kuuzwa likiwa gonjwa liliuzwa likiwa maiti.

Mfanyabiashara wa maharage aliinunua maiti hiyo mnadani. Akatafuta injini nyingine ya 1HZ kutoka gari lililopinduka, akaongeza majani mawili kwenye kila springi ya nyuma, akaondoa bodi iliyooza na kuchomelea nyingine yenye kingo ndefu za kuzuia magunia, akaweka mabomba ya kufunga turubai. Huko Australia na Marekani kuna watu wanaotumia fedha nyingi kuboresha pikapu kuukuu kwa ajili ya matembezi ya mwisho wa wiki, na mwezi Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover mia kwa mia katika tamasha lake. Ni mapenzi halali. Huku kwetu kuboresha gari ni jibu la swali moja: litabeba magunia mangapi kutoka kijiji kisicho na barabara, likiwa na mgonjwa mmoja na mama yake mbele?

Mimi nilianza vibaya. Nilitaka mkonga mpya, matairi mapana na taa za ziada. Fundi alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza mara ya mwisho nilipobadilisha kichujio cha hewa ilikuwa lini. Nikanyamaza. Baadaye nilinunua beringi za magurudumu ya mbele katika duka ambalo sitalitaja, zikiwa ndani ya boksi lenye chapa nzuri, zikadumu wiki sita. Fundi alizitoa, akaokota zile kuukuu nilizozitupa kwenye debe, akaziosha, akazizungusha sikioni kama anayesikiliza saa, akazipaka grisi na kuzirudisha. Bado zinazunguka. Tangu siku hiyo matengenezo yangu yamekuwa ya unyenyekevu: nozeli zilipimwa, rejeta ikafunguliwa na kusafishwa, breki zote nne zikafanywa upya kwa vifaa halali, mabomba ya breki yakabadilishwa. Fedha iliyobaki ilikwenda kwenye ile rangi.

Najua hoja ya upande wa pili, na nina wajibu wa kuitendea haki. Magari makuukuu huvuta moshi, hula mafuta, na huua yasipotunzwa. Abiria juu ya magunia ni msiba unaosubiri kona. Serikali inapotoza ushuru wa uchakavu kwa magari ya umri mkubwa yanayoagizwa kutoka nje, ina sababu. Hatutaki kuwa jaa la dunia. Askari anayekagua breki katika Wiki ya Nenda kwa Usalama anaokoa maisha. Shida yangu ni kipimo. Umri wa gari ni jambo rahisi kulihesabu ofisini, ilhali hali ya gari inahitaji mtu mwenye ujuzi aingie chini yake. Na magari mapya tunayoshauriwa kuyanunua yanahitaji kompyuta ya kusomea hitilafu. Mtumishi wa afya ambaye gari lake jipya limezima Busunzu kwa sababu ya kihisio kimoja atasubiri gari la kulivuta, pengine hadi jiji jingine. Gari la mwaka 1993 lingekuwa limewashwa kabla ya adhuhuri.

Lami nayo inakuja. Mradi wa barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, uliidhinishiwa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018, na vipande vilivyokamilika vimebadilisha maisha. Safari iliyokuwa ya siku nzima ya vumbi sasa ni ya saa chache. Ninafurahi kama mtu mwingine yeyote aliyewahi kulala porini na gari lililokwama. Lakini lami inapita kwenye uti wa mgongo tu. Mbavu zote, yaani njia za kwenda kwenye mashamba ya maharage, kahawa na mihogo, zimebaki udongo mwekundu, na huko ndiko pikapu kuukuu zinakozidi kusukumwa, mbali na mizani na mbali na macho ya wanaotunga sera.

Nimeacha kwa makusudi jambo linalonikabili sasa hivi. Kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Namba ya chesisi yangu ni sahihi. Namba ya injini ni ya ile iliyokufa. Mfanyabiashara hakubadilisha kadi, nami sikukagua, kosa ambalo nisingemsamehe mwanafunzi. Ili injini iliyomo itambuliwe natakiwa kuonyesha ilikotoka. Ilitoka kwenye gari lililopinduka, likauzwa vipande vipande, na hakuna hata kipande kimoja kilichopewa risiti.

Fundi anaijua historia yote. Anajua gari lilipinduka kona gani na mvua ya mwaka gani, nani alinunua giaboksi yake, nani difu, na kwamba silinda hedi ilikwisha kuchongwa mara moja kabla ya hapo. Tulikaa naye jioni mbili. Yeye akisema, mimi nikiandika, nikimhoji kama ninavyohoji mashahidi wa historia simulizi. Tulipata kurasa tano. Wakili akazifanya hati ya kiapo, fundi akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akatia sahihi taratibu kwa mwandiko wa darasa la saba.

Niliipeleka mwenyewe. Ofisa aliyeipokea, kijana mwenye heshima, aliisoma mpaka mwisho, na nikamwona akitabasamu kwenye ukurasa wa tatu, mahali pa giaboksi. Kisha akaifunga na kuniuliza kwa upole, "Mwalimu, huyu shahidi wako ana cheti gani?"

Jalada bado liko mezani kwake. Gari liko Kasulu, na mlango sikuupaka rangi.